Michungwa ya Mohoro na Mdudu Asiyeogopa Joto

Leo twataka kuzungumza juu ya mdudu ambaye urefu wake ni kiasi cha nusu ya punje ya mpunga. Huenda wako watakaocheka, wakasema gazeti la chama limekosa habari hata likageukia vidudu. Na wacheke. Lakini wakiisha kucheka wasome, maana habari ya mdudu huyu ni habari ya ada ya shule na ya bati la nyumba ya mkulima wa Mohoro, na wa Rufiji na Kibiti kwa jumla. Na mkulima huyo ndiye mwanachama mwenzetu.

Wataalamu humwita mdudu huyo kwa jina la Kilatini Diaphorina citri. Yumo katika ukoo wa silidi, ambao ni jamaa wa vidukari tunaowajua sote. Kazi yake ni kufyonza utomvu wa machipukizi ya michungwa, milimau, midimu, michenza na miti yote ya jamaa hiyo. Kwao ni Asia. Jina lake alipewa mwaka 1908 na mtaalamu wa Kijapani aitwaye Kuwayama, kwa wadudu waliookotwa kisiwani Taiwan. Tangu hapo amesafiri sana. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba amepatikana Morogoro. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba ameonekana Zanzibar na pwani ya Kenya vilevile. Mohoro basi iko kusini yao: Zanzibar iko kaskazini yake baharini, na Morogoro iko kaskazini-magharibi yake barani.

Sasa mtu atauliza: kuna ajabu gani mdudu kuhama? Shamba gani halina wadudu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Afrika ilikuwa na silidi wake wa michungwa tangu zamani. Huyo ni Trioza erytreae, aliyeandikwa mwaka 1918 na kupewa jina la nchi ya Eritrea. Yeye ndiye mchukuzi wa ule ugonjwa unaofanya majani ya mchungwa kugeuka manjano na matunda kubaki na ukijani yasiive sawasawa. Ugonjwa huo uliwasumbua wakulima wa Afrika Kusini tangu mwisho wa miaka ya 1920, watu wakidhani ni upungufu wa mbolea au ubaya wa udongo, mpaka mwaka 1965 ilipothibitishwa huko kwamba mwenye kuubeba kutoka mti hadi mti ni mdudu huyu. Katika Tanzania kuwapo kwake kuliandikwa katika jarida la kitaalamu mwaka 1992.

Lakini silidi huyu wa kwetu ana udhaifu mmoja mkubwa. Hawezi joto. Mayai yake na watoto wake wachanga hufa joto likipita kiasi cha nyuzi 32, hasa hewa ikiwa kavu. Na si yeye peke yake: hata bakteria anayombeba, yule wa Kiafrika, hupoteza nguvu katika nchi yenye joto kali. Ndiyo maana ugonjwa ulikuwa taabu ya watu wa milimani na nyanda za juu, nao watu wa mabondeni na pwani wakaulizana tu habari zake. Hatusemi kwamba silidi wa zamani hakuweza kuonekana bondeni hata siku moja, twasema hakushamiri. Mkulima wa Mohoro, anayelima mita chache tu juu ya usawa wa bahari, alilindwa na jua lenyewe. Hakulipa kitu kwa ulinzi huo, na pengine hakujua kwamba analindwa.

Mgeni wa Asia ameivunja ngao hiyo. Yeye ni mtoto wa nchi za joto, na bondeni ndiko kwenye raha yake. Tena bakteria wa Kiasia ambaye desturi yake ni kusafiri ndani ya tumbo la mgeni huyu huvumilia joto ambalo bakteria wa Kiafrika hawezi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba bakteria huyo wa Kiasia amethibitishwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Basi mambo mawili ambayo Mohoro haikuwa nayo, mdudu apendaye joto na maradhi yasiyoogopa joto, yote mawili yamekwisha kufika Afrika ya Mashariki.

Ugonjwa huu hauna dawa. Yatupasa tuliseme jambo hili wazi, maana wako wachuuzi wa chupa watakaokuja kusema vinginevyo. Mti ukiisha kuingiwa, bakteria hukaa katika mishipa ya kupitisha chakula, akaiziba polepole. Mkulima huona kwanza tawi moja tu limegeuka manjano katikati ya mti wa kijani. Jani lake huwa na mabaka ya manjano yasiyolingana, upande huu hivi na upande ule vile. Ndiyo tofauti yake na njaa ya udongo, ambayo hulipaka jani sawasawa pande zote mbili za mshipa wa kati. Baadaye tunda hupinda, chini hubaki kijani, mbegu zake huviza, na maji yake huwa machungu. Na mti waweza kukaa miezi mingi, hata miaka, umeambukizwa na bado unaonekana mzima. Wakati wote huo silidi wananyonya kwake na kupeleka maradhi kwa jirani.

Tuitazame nchi iliyopitia njia hii kabla yetu. Katika jimbo la Florida, Marekani, silidi wa Asia alionekana mwaka 1998. Ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mwaka 2005. Msimu wa 2003 hadi 2004 jimbo hilo lilivuna makasha ya machungwa yapatayo milioni 242; msimu wa 2022 hadi 2023 halikufikisha hata makasha milioni 16. Vimbunga na baridi navyo vilichangia, si haki kuvisahau, lakini mzigo mkubwa ni wa maradhi haya. Wale walikuwa matajiri wenye matrekta, ndege za kunyunyizia dawa na vyuo vikuu vilivyojaa wataalamu. Sisi tuna jembe na bwana shamba mmoja mwenye vijiji vingi.

Ila katika hesabu hiyo ya Florida limo jambo moja la kuangaliwa sana. Kati ya mdudu kuonekana na ugonjwa kutambuliwa ilipita miaka 7. Kwa kawaida mdudu ndiye hutangulia, na mwenye kumwona mdudu amepewa muda. Muda huo ndio mali tuliyo nayo. Anayengoja aone tunda lililopinda ndipo apige mbiu, huyo amekwisha kuutumia muda wake wote.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtambua, na kumtambua kunataka macho tu, si shahada. Wakati wa kutazama ni mchungwa unapotoa machipukizi mapya baada ya mvua, kwa kuwa silidi hutaga katika majani machanga yasiyokunjuka bado. Mdudu mzima wa Kiasia akitulia juu ya jani hakai kama wadudu wengine. Huinamisha kichwa, akainua makalio juu, mfano wa mtu aliyesujudu. Mwili wake una madoadoa ya hudhurungi, na bawa lake, lenye rangi hiyo pembezoni, hupanuka kuelekea nchani. Watoto wake ni bapa, wa rangi ya manjano iliyoiva, macho mekundu, na nyuma yao hutoka nyuzi nyeupe za nta zilizojisokota. Mtu akizitazama kwa haraka hudhani chipukizi limeota ukungu. Wakiwa wengi, majani hunata kwa maji matamu wanayoyatoa, kisha juu ya utamu huo huota masizi meusi. Sisimizi nao hupanda kuufuata utamu huo.

Silidi wa zamani, yule wa Kiafrika, ana alama yake isiyofichika. Watoto wake huchimba vishimo chini ya jani, kila mmoja akajilaza katika chake, na upande wa juu wa jani hutokea vivimbe kama upele. Ukikuta jani lina upele wa namna hiyo, huyo ni wa kwetu. Wa Kiasia hachimbi. Jani lake laweza kujikunja na kusinyaa, lakini halifanyi upele. Bawa la wa Kiafrika ni angavu kama kioo tena limechongoka, halina madoa. Mtoto wa darasa la tano aweza kujifunza tofauti hizi kwa asubuhi moja, na kwa kweli macho ya mtoto ni makali kuliko ya wengi wetu tuliozoea kuandika.

Tunasisitiza tofauti hizi kwa sababu makosa ya kutambua yamekwisha kutokea, na si kwa wakulima. Mwaka 2015 ilitangazwa katika maandishi ya kitaalamu kwamba bakteria wa Kiasia amepatikana Uganda. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwamo wa Afrika Kusini, Kenya na Tanzania, walipima tena kwa uangalifu zaidi, wakaonyesha kwamba yule hakuwa wa Kiasia, bali ndugu wa bakteria wa Kiafrika. Hatulitaji jambo hili kwa kuwacheka wataalamu. Kwa kweli ni sifa kwao kwamba walirudia kazi na kusahihisha. Twalitaja ili ieleweke kwamba mtu akipita kijijini akasema kwa mdomo tu kwamba ugonjwa umefika, au kwamba haujafika, neno lake pekee halitoshi. Yatakiwa mdudu mwenyewe, katika chupa, na siku na mahali alipookotwa.

Tena tuseme namna anavyosafiri. Kwa mabawa yake silidi haendi mbali sana, ila upepo huweza kumsaidia. Safari zake ndefu hufanya kwa vyombo vyetu. Hupanda gari pamoja na miche yenye majani, na pamoja na machungwa yaliyochumwa na vikonyo na majani yake ili yaonekane mabichi sokoni. Kabla ya mwaka 2003, aliyetaka kuvuka Rufiji alingoja pantoni Ndundu, na pengine alilala hapo. Lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lori likawa linavuka kwa dakika chache. Tulishangilia sana, na tulikuwa na haki ya kushangilia, kwa kuwa kusini ilikuwa imesahauliwa. Lakini daraja halimwulizi abiria wake jina.

Kisha yakaja mafuriko ya mwaka 2024, ambayo watu wa Mohoro hawahitaji kusimuliwa na gazeti. Maji yaliingia majumbani na mashambani. Mtu aliyepotewa na miti hutaka kupanda upya, naye hununua miche pale anapoipata kwa bei anayoiweza. Nani atamlaumu? Lakini mche mmoja wenye mayai ya silidi katika ncha yake, mayai madogo kuliko chembe ya chumvi, wafaa kuwa mbegu ya msiba wa kata nzima. Sisi twaona kwamba hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko pote, na hapa ndipo nguvu ya Serikali na ya chama ingetangulia kutumika: kwenye kitalu. Kitalu cha michungwa kinachostahili jina hilo katika zama hizi ni kile kilichofunikwa kwa wavu usiopitisha mdudu huyu, na vikonyo vyake vya kuunganishia vimetoka katika mti uliopimwa. Mwenye kuuza miche pembeni mwa barabara, juani, bila wavu, huenda ni mtu mwema kabisa anayetafuta riziki; asaidiwe apate wavu.

Wako pia wasiopanda mchungwa hata mmoja na bado wanamfuga mdudu huyu bila kujua. Kile kichaka cha bustani chenye maua madogo meupe yanukayo kama ua la mchungwa, ambacho wataalamu hukiita muraya, ni makao yake ayapendayo sana. Na ule mmea wa majani ya kutia katika mchuzi, ambao wengi wameupanda uani, nao ni wa jamaa hiyo hiyo. Hatusemi ing'olewe. Twasema aliye nayo aitazame ncha zake kama mwenzake anavyotazama mchungwa.

Tuseme neno juu ya dawa za kunyunyizia, kwa maana ndiyo fikira ya kwanza ya kila mtu. Dawa huua silidi, ni kweli. Lakini huua nyuki vilevile, na huua maadui wa silidi. Na shamba likinyunyizwa peke yake katikati ya mashamba yasiyonyunyizwa, wadudu hurudi baada ya siku chache. Florida ilinyunyiza sana, na makasha yake tumeyataja. Kisiwani Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, walikuwa na silidi wote wawili kwa pamoja, wa Kiafrika na wa Kiasia. Katika miaka ya 1970 walileta nyigu wadogo mno, wasioweza kumuuma mtu, ambao hutaga yai juu ya mtoto wa silidi, na kiluwiluwi kinachototolewa humla silidi huyo. Mmoja wa nyigu hao, Tamarixia radiata, asili yake ni Punjab. Wakaunganisha kazi ya nyigu na miche safi, na kilimo cha michungwa kikapata kusimama tena. Mfano huo watufaa kuliko ule wa ndege za kunyunyizia dawa, kwa sababu kwanza ni wa watu wasio matajiri, na pili ni wa jirani.

Wala hii si mara ya kwanza kwa silidi mgeni kutufikia kwa njia ya bahari. Wazee wa maofisi ya kilimo wanaikumbuka milusina. Mti huo ulisifiwa kuwa malisho na mbolea, ukapandwa kila mahali. Silidi wake, ambaye kwao ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, alionekana Hawaii mwaka 1984, akaruka kisiwa kwa kisiwa katika Pasifiki, akafika Asia, na mwaka 1992 alikuwa amekwisha kutua pwani ya Tanzania na Kenya. Miaka 8 mdudu yule alikuwa njiani akija, safari yake ikiandikwa katika majarida hatua kwa hatua, na bado alipofika wengi walistaajabu machipukizi yanakauka kwa nini.

Mohoro ina historia yake katika mambo ya mazao. Hapo ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti mwaka 1905, wakati nchi ya Wamatumbi ilipokataa pamba ya lazima. Zao lile lilikuwa la akida na kiboko. Mchungwa haukuletwa kwa kiboko. Mtu huupanda mwenyewe karibu na nyumba yake, na mtoto wake huuvuna. Kwa hiyo twataraji kwamba ulinzi wake nao hautangoja amri.

Ulinzi wenyewe ni huu. Mtu achukue sahani nyeupe au kipande cha karatasi ngumu nyeupe, akiweke chini ya tawi lenye machipukizi, aligonge tawi mara tatu kwa fimbo, kisha atazame kilichoanguka. Afanye hivyo katika miti michache ya kila upande wa shamba. Mahali panapopatikana kadi za manjano zenye gundi, zitundikwe mtini, kwa kuwa silidi hupenda rangi hiyo, naye hunasa. Akiona mdudu aliyesujudu, amtie katika kichupa chenye spiriti, aandike kwa penseli siku, kijiji na mti aliomtoa. Asikate tawi lenye wadudu hai akalibeba kwenye basi kwenda kumwonyesha bwana shamba wilayani. Kwa kufanya hivyo atakuwa amemsafirisha adui kwa nauli yake mwenyewe.

Kazi hii yaweza kufanywa na vijana wa tawi moja katika siku mbili, mara mvua za vuli zinapoanza kuchipusha miti, na tena wakati wa masika. Hata wasipomwona mdudu, na hilo waliandike, na tarehe. Maana siku atakapoonekana, daftari la siku alizokosekana ndilo litakaloonyesha ameingia lini na kwa upande gani, wa barabara au wa delta.

Linabaki swali moja ambalo si la wanakijiji kulijibu. Kwa sheria ya mwaka 2020 nchi yetu imeweka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, pale pale mdudu alipotangazwa. Wenye hadubini wapo, na wenye kupima chembe za urithi wapo. Lakini mkulima aliyepeleka kichupa chake asipate jibu hatapeleka cha pili. Basi twawaomba wahusika watuambie, nasi tutalichapa jibu lao katika ukurasa huu huu: kichupa kikitoka Mohoro, chapokewa na nani, na jibu larudi Mohoro baada ya siku ngapi?